Masaa Nane

Wiki iliyopita tulimzika Ticha Lusajo na mie sikulia. Nasema mapema, ili anayetaka kuniambia nina roho mbaya aseme sasa tumalizane. Nilikaa viti vya mwisho kabisa chini ya turubai, jirani na akina mama waliokuwa wanakoroga masufuria ya wali, na moshi wa kuni ukanisitiri, nikaonekana na mie nalia. Watu walisimama mmoja mmoja kumsifu. Huyu alitolewa gizani, yule alipewa ulimi, mwingine ana duka lake la dawa Mikocheni na wateja wake wazungu watupu. Msemaji wa familia akauliza kwenye kipaza sauti kama Zuhura yupo, Zuhura wa darasa la kwanza kabisa, yule ambaye marehemu hakuchoka kumtolea mfano. Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kikanifikia, na mie nikakipitisha kwa jirani yangu kama sahani ya chakula nisichokula. Nasra alikuwa kaniegemea. Akainua uso, akaniuliza, "Mama, wamekuita?" Spika lilikuwa kushoto kwake, na sikio la kushoto la mwanangu halisikii. Lipo, zuri, nimelitoboa nimelivisha hereni, ila ukilisemesha ni sawa na kuusemesha ukuta. Hakuzaliwa hivyo. Mwaka nilipokipata Kiingereza ndio mwaka huohuo Nasra alipolipoteza sikio, na watu waliojaa pale msibani wanaujua ule mwaka nusu tu.

Darasa lilikuwa Mbagala, chumba cha nyuma ya duka la dawa la Ticha mwenyewe. Kabla ya kuwa darasa kilikuwa stoo ya saruji, na saruji haikuhama. Ukikaa kwenye benchi unainuka na sketi ya kijivu, ukipiga chafya unatoa vumbi. Dirisha lilikuwa moja, dogo, na lilitazamana na banda la mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo, kwa hiyo maneno yangu yote ya Kiingereza cha dawa yananukia mihogo, pilipili na ukwaju mpaka leo. Nikisoma karatasi imeandikwa kwamba dawa isitumike ila kwa ushauri wa daktari, mate yananijaa. Tulikuwa watu wa kidato cha nne wenye alama za kuombea msamaha, tunaotaka kuingia chuo cha famasia, na chuo tulichokuwa tunakitaka kilikuwa na usaili wa ana kwa ana, wote kwa Kiingereza. Kemia ningeweza kuibabaisha. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji na ruhusa ya kutoka nje. Ticha alisema anatupandisha daraja, kutoka Kiingereza cha salamu kwenda Kiingereza cha kazi: kumweleza mgonjwa, kumuuliza daktari, kusoma ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi ndani ya boksi la dawa, ambayo watu wengi wanafungia maandazi.

Alikuwa anajua kufundisha. Hilo silifichi, na ndilo linaloniuma. Braza Shabani, aliyekuwa anauza kwenye duka la dawa baridi, zile za kununua bila cheti cha daktari, huko kwao Chamazi, siku ya kwanza alijitambulisha kwa Kiingereza kwamba anafanya kazi kwenye duka la dawa zenye ubaridi. Ticha akamuuliza kwa upole kabisa kama wanazihifadhi kwenye friji au kwenye barafu ya samaki. Tulicheka mpaka mama wa mihogo akachungulia dirishani. Siku nyingine tukafika kwenye zile dawa za unga za watoto, zinazochanganywa na maji kwenye chupa, ambazo kwa Kiingereza zinaitwa suspension. Sasa suspension kwa mtu aliyesoma shule zetu maana yake ni moja tu, unafungishwa virago kwa wiki mbili urudi na mzazi. Shabani akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Ticha, hii imeandikwa oral, ya mdomo. Yaani mtoto kasimamishwa shule kwa mdomo tu, bila barua?" Hata Ticha aligeukia ubao, mabega yanamtikisika. Ilikuwa raha, jamani. Mtu akisimulia mambo mabaya watu wanadhani palikuwa na giza tangu asubuhi. Hapakuwa na giza. Palikuwa na raha, na ndani ya raha hiyo palikuwa na kopo.

Kopo lilikuwa lile la plastiki jeupe, la vidonge elfu, limetobolewa mdomoni likapitishwa kamba, na ndani kuna kokoto. Ukikutwa umesema Kiswahili ndani ya kile chumba au mbele kwenye kaunta ya duka, unavalishwa shingoni, na huvui mpaka akamatwe mwingine. Watu wazima sie. Akina mama wenye watoto, mwanaume mwenye ndevu kama Shabani, tunatembea tunalia kachakacha kama mbuzi aliyefungwa kengele. Ukienda chooni, kachakacha. Ukienda kununua muhogo, kachakacha, na mama wa mihogo anakuambia, "Pole, leo umekamatwa wewe?" Shule ya sekondari tulivalishwa vibao vya namna hiyo, tukadhani tumeviacha huko na sare. Mie nilikuwa nalivaa kuliko wote, kwa sababu mdomo wangu ukikasirika hauna subira ya kutafsiri. Na Ticha hakuwa anachukia Kiswahili, ndiyo ajabu yake. Alikuwa anakipenda, ila kile cha redioni. Kila kifuko cha dawa tulichoandika kwa mazoezi kilikuwa na mstari wa Kiingereza juu na wa Kiswahili chini, na yote miwili aliisahihisha kwa kalamu nyekundu. Neno lake la ugomvi na mie lilikuwa masaa. "Hakuna masaa, Zuhura. Masaa ni Kiswahili cha kijiweni. Saa moja, saa mia, ni saa tu. Mtu asiyejua lugha yake atajuaje ya watu?" Nilimjibu siku moja, kopo likiwa tayari shingoni kwa hiyo sikuwa na cha kupoteza, kwamba mtaani kwetu saa ni ile ya ukutani na masaa ni yale unayoyasubiri. Saa tatu mtu anafika, masaa matatu mtu anachelewa. Akasema hiyo ndiyo maana mtaani kwetu watu wanachelewa. Darasa likacheka. Na mie nikacheka.

Nilikuwa nakaa Kiwalani, chumba kimoja kwa Bi Mwanahawa, mama wa kipwani aliyezaliwa humuhumu mjini kabla hapajawa mji. Ndege zilikuwa zinapita juu ya bati letu chini mno, unaona matairi, na kila zikipita mazungumzo yanasimama, mtu anabaki na kijiko hewani. Nasra alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika kuta. Kila ndege ikija alikuwa anageuza kichwa kabla yetu sie, anaisikia ikiwa bado iko mbali huko, ananyoosha kidole juu ya bati, halafu ndiyo mngurumo unafika. Bi Mwanahawa alikuwa anasema, "Huyu ana sikio la paka, huyu. Huwezi kumsengenya." Yeye ndiye aliyekuwa anabaki naye nikienda darasani. Jioni nikirudi ananiwekea chapati na maharage ya nazi, anakaa kwenye mkeka, anataka nimfundishe nilichofundishwa, na neno lolote la Kiingereza akilisema linageuka la kwake. Alikuwa anajivunia kusoma. "Mie darasa la saba la zamani, mwanangu. La zamani, siyo lenu hili. Nasoma mpaka gazeti la kufungia nyama." Na kweli alikuwa anasoma. Chochote kilichoandikwa alikiheshimu kama hati ya nyumba.

Asubuhi ile Nasra aliamka wa moto. Nilimpeleka zahanati na Bi Mwanahawa tukafuatana, wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, wakaniandikia dawa mseto na kuniambia dawa yenyewe imeisha, kanunue nje. Nje kwangu mie palikuwa kwa Ticha. Siku hiyo ilikuwa ya usaili wa majaribio, na alishatuambia kwamba asiyekuja jina lake halipeleki chuoni. Kwa hiyo tukaenda Mbagala wote watatu, Nasra mgongoni kwa Bi Mwanahawa anapumua kama anakimbia. Tulifika ikiwa saa nne. Nikampa dozi ya kwanza palepale kwenye kaunta, nimesaga kidonge kwenye kijiko na maji, akakunja uso lakini akameza. Dozi ya pili ya dawa hii haingoji kesho. Inatakiwa masaa nane baada ya ile ya kwanza, maana yake saa kumi na mbili jioni, na ndipo baada ya hapo unakwenda asubuhi na jioni. Nikachukua kifuko nikaandika mistari yangu miwili. Chini, kwa ajili ya Bi Mwanahawa, niliandika hivi: dozi ya pili, masaa nane kuanzia sasa. Ticha alikuwa amesimama nyuma yangu na kalamu. Hakuwa na haraka. Akakata masaa, akakata na yale maneno ya mbele yake, akasema ni mengi mno kwa kifuko, akaandika kwa mwandiko wake ule wa kuchapwa: dozi ya pili, baada ya saa nane.

Isome tena. Msomee mtu yeyote Kiwalani, Mbagala, popote. Baada ya saa nane. Nilifungua mdomo. Nilisema, "Bi Mwanahawa, ukifika nyumbani—" na nikasikia kachakacha, kamba inapita kichwani kwangu. "Kiingereza, Zuhura," Ticha akasema. "Uko kwenye kaunta. Usaili umeshaanza." Wenzangu walikuwa mlangoni wanachungulia, mmoja akapiga kofi la mzaha. Nikaanza kumweleza Bi Mwanahawa kwa Kiingereza. Mama wa watu alinitazama nikitoa maneno, akaona jasho langu, akanionea huruma. "Usijitaabishe, mwanangu," akasema, akakikunja kifuko akakitia kwenye pindo la kanga. "Si imeandikwa? Nitasoma." Akamtengeneza mtoto mgongoni akaondoka. Kuna watu wameshaniuliza kwa nini sikulitupa lile kopo nikamkimbilia. Wananiuliza mie. Yule aliyelishika hajaulizwa na mtu, na sasa ndiyo hataulizwa tena.

Usaili wa majaribio ulikwenda vizuri. Nilisifiwa. Nilirudi Kiwalani jua likiwa limeanza kulegea, na kabla sijafika mlangoni nilijua, kwa sababu ndege ilipita na hakuna kidole kilichonyooshwa. Nasra alikuwa amelala kwenye mkeka, macho nusu. Mkeka mwingine ulikuwa umefuliwa, umeegemezwa ukutani, bado unatiririka maji. Bi Mwanahawa akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa hesabu iliyo safi. "Nimeswali adhuhuri, nikangoja. Saa nane imegonga tu, nikamsagia dawa yake, kama ilivyoandikwa. Hakukaa nayo. Katapika yote, mwanangu, kila kitu, na uji wa asubuhi. Nikasema nimpe nyingine, nikasema hapana, haikuandikwa nyingine." Akanionyesha kifuko. Dozi mbili ndani ya masaa manne, kwenye tumbo la mtoto. Utamwambia nini mtu aliyesoma sawasawa? Magharibi inaadhiniwa, mtoto akakaza mwili, meno yakashikana, macho yakapanda juu. Degedege. Bi Mwanahawa alianza kusoma dua kwa sauti na mie nilishatoka na mtoto mikononi, miguu peku, namwita bodaboda kwa matusi.

Hospitali walisema malaria imepanda kichwani. Nilikaa kwenye ile wodi ya watoto siku sizijui idadi, wanawake wawili wawili kwenye kitanda kimoja, tunapeana chai ya rangi kwenye vifuniko vya chupa, na kila asubuhi tunaangalia kitanda gani kimetandikwa upya. Kila mmoja anajua maana yake. Nasra alifumbua macho, akanyonya, akaanza kukaa. Nikamshukuru Mungu, nikadhani tumemaliza. Halafu nesi mmoja akaangusha bakuli la bati upande wa kushoto wa kitanda. Mtoto aliyelala pembeni yake akaruka. Wangu akaendelea kuchezea kidole changu.

Madaktari walikuja wawili, mkubwa na anayejifunza. Wakampigia vidole huku na huku, wakasimama miguuni mwa kitanda wakaanza kuzungumza Kiingereza. Wanafanyaga hivyo, mnawajua. Siyo ubaya, ni pazia. Wanafunga pazia la maneno ili mama asione. Ila mie pazia lilikuwa limeshatoboka. Wiki ileile kabla ya homa Ticha alitufundisha namna ya kusema jambo linatarajiwa na jambo halitarajiwi, likely na unlikely, akatuimbisha mpaka mama wa mihogo naye akawa anaimba. Daktari mkubwa akasema sikio la kushoto, akasema upotevu mkubwa, akasema kurudi ni unlikely. Nikasikia kila neno. Nililisikia vizuri, kwa matamshi niliyofundishwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilielewa Kiingereza bila kutafsiri. Kilikuja chenyewe kikakaa kifuani. Nikamuuliza yule daktari, kwa Kiingereza, kama ni ile dozi iliyotapikwa ndiyo sababu. Akashtuka kama kitanda ndicho kimesema. Halafu akavua miwani, akanijibu kwa Kiswahili, "Mama, siwezi kukudanganya. Inawezekana malaria ilikuwa imeshapanda. Inawezekana dawa ingebaki tumboni asingefika hapa. Sijui." Yule mwanafunzi wake akaangalia viatu. Hiyo sijui ninayo mpaka leo. Ningependa kuambiwa ndiyo, au hapana, nikalala.

Nilirudi darasani Nasra alipotoka wodini. Nilikwenda kumwambia. Nilimkuta Ticha peke yake anafuta ubao, vumbi la chaki juu ya vumbi la saruji. Nikamwambia kwa Kiswahili, na nilikuwa nataka anivalishe lile kopo, nilikuwa nalisubiri nimpige nalo. Nikamweleza kifuko, saa nane, matapishi, degedege. Nikasema, "Mwanangu alikaa masaa sita hajitambui, Ticha. Masaa sita namwita." Alikuwa ameweka kifutio chini. Macho yake yalikuwa na machozi, nasema ukweli, hakuwa mnyama. Na mdomo wake, mwalimu wa watu, ukajisemea wenyewe, polepole, kama unavyomshika mtoto asianguke: "Saa, Zuhura. Saa sita."

Sidhani alijisikia. Akaendelea kunipa pole, akasema ni mipango ya Mungu, akanifungulia soda. Mie nilikuwa nimeshikilia benchi kwa mikono miwili. Na mnajua nilifanya nini? Nilikaa. Wenzangu waliingia, nikafungua daftari. Kwa sababu nilikuwa nimeshaona wodini kwamba maisha ya mwanangu kuanzia sasa yataandikwa na kuongelewa kwa lugha ile, na atakayeileta mpaka kwenye benchi langu, kwa bei ninayoiweza, alikuwa ni huyuhuyu. Hasira nikaifanya kazi ya nyumbani. Nilikuwa nasoma huku nanyonyesha, nimemgeuza Nasra sikio zima lielekee mdomoni kwangu ili angalau alale na sauti. Bi Mwanahawa hakuniuliza tena nilichofundishwa. Alikuwa anaweka chapati anaondoka. Aliniambia neno moja tu, siku moja, bila kunitazama. "Mie nilisoma kilichoandikwa, Mama Nasra." Nikamwambia, "Najua, mama yangu. Ulisoma vizuri."

Mwezi wa mwisho kabla ya usaili tukafundishwa zile sentensi za majuto, ambazo kwetu ni ngali. Angalijua, asingalikwenda. Ticha alisema hakuna kitu kinachomtambulisha msomi kwa wasaili kama hizi, mtu akizitoa bila kujikwaa amefaulu. Tukazizungusha benchi kwa benchi. Mgonjwa angalimeza dawa kwa wakati, angalipona. Shabani akaisema. Binti wa pembeni yake akaisema. Ilipofika kwangu kila mtu alikuwa ameshakumbuka. Ticha alinitazama kidogo, akaruka benchi langu.

Chuoni walikuwa watatu nyuma ya meza, wanaume wawili na mama mmoja mwenye sauti ya chini. Mama akaniuliza swali lile tulilolikariri wote: kwa nini unataka kusoma famasia? Jibu nilikuwa nalo, la kulitumikia taifa langu, lenye ngali mbili ndani yake kama mapambo. Sikulitoa. Nikasema kwa Kiingereza kwamba niliandika neno kwenye kifuko cha dawa ya mtoto wangu. Mwalimu wangu akalikata. Bibi aliyebaki na mtoto akasoma kilichobaki. Mtoto wangu sasa hasikii sikio moja. Nataka niwe mimi ninayeshika kalamu. Sentensi fupi fupi, zote za jambo lililokwisha kutokea, hakuna hata moja ya kungekuwa. Nilizitoa nikimtazama usoni, na matamshi yangu yalikuwa safi kuliko siku yoyote.

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, akavuta karatasi. "Kiingereza chako kizuri sana," akasema. "Nani amekufundisha?"

Nikamtaja. Jina lake, ukoo wake, Mbagala, nyuma ya duka la dawa. Nilimtaja kama unavyomtaja mtu polisi, herufi kwa herufi, nikihakikisha kalamu ya yule mama inanifuata, na moyo wangu ukasema, sasa ameandikwa. Mama akapigia jina mstari. Akamwinamia mwenzake wa kulia akamnong'oneza, na mie nikasikia, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kusikia: huyu mwalimu ndiye tumpelekee wale waliofeli, wote, kuanzia mwezi ujao.